Bahasha Zilizovuka Mstari

Juzi tulikaa sebuleni, mimi na wajukuu zangu, tukitia kadi za harusi kwenye bahasha. Bahasha zenyewe zilikuwa za bei nafuu, zile za kulamba. Vijana walileta kitambaa kilicholoweshwa maji, lakini mimi kwa mazoea nikaipitisha ya kwanza ulimini. Utamu ule wa uongo, wenye uchungu nyuma yake, ukanijaa kinywani, na nikasahau kuifunga bahasha. Mjukuu wangu akauliza, "Bibi, unaumwa?" Nikamjibu kwamba gundi ya siku hizi mbaya. Ningemwelezaje kwamba nilikuwa nimerudi Pongwe, mtoto wa darasa la pili, niko nyuma ya jiko la bibi yangu nanusa mfuniko wa bahasha kama paka anusavyo mlango?

Nyie wenzangu mliokulia Tanga enzi za mkonge mnaikumbuka harufu ya korona, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge, na maji yake ya kijani yaliyochacha yakitiririka mtaroni. Harufu ile ilikuwa nguoni mwa kila mtu upande wetu. Kwangu mimi ilikuwa pia harufu ya baba. Baba yangu alikuwa Mgiriki, msimamizi wa shamba moja la mkonge karibu na Pongwe. Manamba wa kambini, waliotoka mbali kuja kukata mkonge, walimwita Bwana Stavro. Mama yangu alikuwa msichana wa Kibondei aliyefua nguo nyumbani kwake, kisha akakaa naye, kisha akaacha kukaa naye. Nilipokuwa bado mdogo akaolewa Kigombe na mtu wa kule, naye mume alisema wazi kwamba hataki mtoto wa Mgiriki uani kwake. Mama alikuja kila Idi na samaki wakavu na kanga mpya ya Bibi, akanishika mashavu, akarudi zake.

Kwa hiyo nilikuwa wa Bibi. Yeye aliniita Halima. Baba aliniita Eleni, jina la mama yake. Watoto wa shule waliniita Kanyuzi, kwa sababu nywele zangu zilikuwa na rangi ya nyuzi za mkonge zilizoanikwa juani. "Kanyuzi, umekauka? Njoo uanuliwe!" Nilijifunza kukaa mwisho wa benchi, karibu na dirisha, na kutembea nyuma ya wenzangu badala ya kati yao. Hawakunipiga. Walinipisha tu, na kupishwa kila mahali ni upweke wa namna yake.

Jumamosi ilikuwa siku yangu. Bibi alinisindikiza hadi mahali shamba linapoanza, akanifuta uso kwa pindo la kanga, akasema, "Haya, nenda. Mie kwa watu wale siingii." Nilifuata reli ndogo ya vigari vya mkonge mpaka nyumba ya baba, nikaingia kwa mlango wa jikoni. Humo nilimkuta mpishi, Mzee Hatibu, Mdigo mrefu asiyevua kofia yake ya kufuma hata mbele ya moto. Nilimwamkia shikamoo, akanipa chai na mkate wenye siagi, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, kana kwamba ni siri ya wawili, "Yuko na mabahasha yake. Ingia polepole."

Baba alikuwa na chumba kimoja kisichoingiwa na mtu ila yeye na, Jumamosi, mimi. Mlikuwa na meza, kioo cha kukuzia, birika dogo juu ya jiko la spiriti, na albamu nene zenye jalada jeusi. Watu wengine wa jamii yake mjini walikusanya stempu. Baba alizidharau stempu. Yeye alikusanya bahasha nzima, tena za aina moja tu: zile zilizobebwa kwa siri kutoka upande mmoja kwenda upande wa pili wakati watu wa kwao walipopigana wao kwa wao. Ziliuzwa ghali kwa sababu zilikuwa chache, na zilikuwa chache kwa sababu wengi waliokamatwa nazo hawakurudi. Wachuuzi wa Ulaya walimpelekea kwa posta, moja moja, zikiwa zimefungwa baina ya makaratasi magumu. Tulikwenda pamoja mjini kwa lori la shamba kuzichukua, naye hakufungua kifurushi mpaka tumerudi, ameketi, amenawa mikono na kunitaka nami ninawe.

"Tazama, Eleni," alisema mara ya kwanza aliponiruhusu kushika. Kiswahili chake kilikuwa cha shambani, cha kuamrisha, lakini kwangu alijaribu kukilainisha. "Hii stempu hakuna. Posta hakuna. Huku serikali, huku watu ya mlimani. Katikati, mstari. Mtu nabeba mkono kwa mkono. Wakimwona, risasi."

Bahasha ilikuwa ndogo, ya karatasi ya kahawia, imekunjwa mara nyingi hadi mikunjo yake imeota weusi. Juu yake palikuwa na maandishi ya penseli nisiyoweza kuyasoma.

"Mbona imekunjwa hivi?"

"Nakaa ndani ya kiatu. Ingine nashonwa ndani ya nguo. Ingine nakaa ndani ya mkate."

"Na huo mstari ni wa nani?"

"Ya adui."

"Adui gani?"

Aligeuza bahasha upande wa nyuma. "Ndugu," alisema. "Adui ni ndugu."

Sasa mnisikilize mtoto alivyofahamu. Kwetu mstari ulikuwa kitu kimoja tu: safu ya mkonge. Mkata mkonge alipangiwa mistari yake asubuhi, akaimaliza au akakosa posho. Basi niliona wazi kabisa moyoni mwangu vita vya kwao baba: ndugu wa huku na ndugu wa kule wamesimama na visu vya kukatia mkonge, katikati yao safu moja ndefu ya majani yenye miiba nchani, na mtu mwenye barua ndani ya mkate anapenya baina ya miiba ile. Tangu siku hiyo kila nilipopita shambani nilitazama baina ya mistari nisije nikakanyaga vita vya watu.

Polepole nilipata mengine. Baba alikuwa na kaka aliyekuwa askari wa serikali, na mdogo wake alikuwa amepanda mlimani. Mama yao, yule Eleni mwenyewe, alibaki mjini kwao akiwaandikia wote wawili na kushona barua kwenye pindo za wanawake waliokwenda kuchanja kuni. Baba wakati huo alikuwa huku kwetu, kwenye mkonge.

"Na wewe walikuandikia?" nilimuuliza.

"Mimi nangoja."

"Zilikuja?"

"Haikuja." Akaigonga albamu kwa kidole, taratibu. "Yangu haikuja. Basi nanunua ya watu."

Nilitaka kujua ndani ya bahasha zile mmeandikwa nini. Akanionyesha: nyingi zilikuwa tupu. Karatasi za ndani zilibaki kwa wenyewe, au zilichomwa, au zilichukuliwa na mkaguzi. Huyo mkaguzi ndiye aliyenitisha kuliko risasi. Baba alinieleza kwamba pande zote mbili walikuwapo watu kazi yao kufungua barua za wenzao. Wengine walipasua ubavuni kwa mkasi, wakabandika utepe. Wengine, mafundi, hawakuacha alama. Akawasha jiko la spiriti, akachukua bahasha ya kawaida ya ofisini, akaiweka juu ya mvuke wa birika, na mfuniko uliokuwa umegandana ukafunguka wenyewe, laini, kama mdomo wa mtu aliyelala. Akaufunga tena, akaniangalia. "Nani anajua?" alisema, na siku hiyo alicheka. Alikuwa na jino moja la dhahabu ambalo sikulijua hadi alipocheka.

Sikupata kitu kingine kwake. Hakunipakata, hakuniuliza habari za shule. Lakini kwa Jumamosi hizo mbili tatu za mwezi nilikuwa na mahali ambapo mtu alisogeza kiti kidogo ili nami nione.

Kisha ikaja Jumamosi ambayo hakusogeza kiti. Alikuwa anapanga bahasha, hakuinua macho.

"Eleni. Jumamosi usije tena."

"Mpaka lini?"

"Nitasema."

"Nimekosa nini, Baba?"

"Hukukosa." Akafungua kabati, akatoa kopo la biskuti, bado jipya, akaliweka mbele yangu. "Hapa nakuja bibi. Bibi ya ndoa. Natoka nyumbani kwa meli. Yeye haijui wewe. Pole pole nitasema."

Jikoni Mzee Hatibu alinimiminia chai, sikuinywa. Alivua kofia yake, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akakuna kichwa, akaivaa tena. "Ndiyo dunia, mama," alisema. "Wewe kaa kwa bibi yako. Mtu mzima akishikwa na aibu humwachi peke yake, lakini pia humwendei."

Sikumwelewa. Nilichoelewa ni kwamba mwanamke mmoja anakuja kwa meli kuweka mstari.

Nilimwona baada ya wiki chache, kutoka mbali. Jumamosi mwili wangu ulikuwa umezoea kwenda, basi nikawa nakwenda hadi mwanzo wa mkonge na kukaa pale. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, nywele nyeusi amezifunga kitambaa, akianika nguo mwenyewe huku dobi amesimama kando hana la kufanya. Watu wa kambini walimwita Mama Kiria. Walisema haongei na mtu, haendi mjini kwa Wagiriki wenzake, na kile chumba cha mabahasha hakanyagi. Ati siku aliyofunguliwa albamu alitoka mbio, akakaa barazani mpaka chakula kikapoa. Nilimchukia kwa raha. Nilikuwa sijawahi kuwa na mtu wa kumchukia aliye wangu peke yangu.

Siku moja ya shule, mchana, Mzee Hatibu alifika kwa Bibi na baiskeli yake, akitokea mjini, sokoni Ngamiani, na kikapu cha samaki. Aliamkiana na Bibi, akaomba maji. Bibi alipoingia ndani kuyachota, akavua kofia, na ndani ya kofia mlikuwa na bahasha iliyokunjwa mara mbili.

"Yako," alisema. "Usiulize imepita wapi."

Juu yake paliandikwa kwa wino, kwa mkono nilioujua: Halima, Pongwe. Hakuandika Eleni. Nilifikiri ametumia jina langu la nje kama watu wa vita watumiavyo majina ya uongo, na moyo ukanidunda kwa fahari. Nikaipasua nyuma ya jiko. Ilikuwa tupu. Niliipuliza, nikaipindua, nikaitazama kwa jua. Hapakuwa na kitu.

Bibi, ambaye hakujua kusoma, alikuwa amesimama mlangoni na kata ya maji. "Babako huyo? Anasemaje?"

Ningesema nini? "Anakusalimu, Bibi."

"Mie?"

"Anauliza mguu wako umepona."

Bibi akautazama mguu wake uliovimba kila masika, akautazama kwa heshima mpya. "Mwambie haujambo," alisema. "Mwambie nauchua na mafuta ya nazi."

Bahasha zikaendelea kuja, labda moja kila mwezi mmoja au miwili, daima kwa njia ya kofia, daima zimefungwa vizuri na daima tupu. Nami kila moja nilimsomea Bibi. Baba alisema nisome kwa bidii. Baba alisema mvua za mwaka huu hazifai kwa mkonge. Baba alisema ameota tumekwenda posta na mimi ndiye niliyekuwa dereva wa lori. Bibi alicheka mpaka akafuta machozi. Nilizihifadhi bahasha kwenye lile kopo la biskuti, chini ya kitanda cha kamba.

Nani alizitoa barua zangu? Mimi nilijua. Nilikuwa nimefundishwa na fundi. Mkasi haukutumika, utepe haukuwapo. Basi ulikuwa ni mvuke. Nilimwona kabisa yule Mama Kiria ameinama juu ya birika, mfuniko unafunguka, anachomoa maneno yangu, anayasoma, anafunga tena. Nilinusa kila mfuniko nikitafuta harufu ya maji moto. Nililamba gundi kuona kama imelambwa na mtu mwingine kabla yangu. Mara nyingine nilijiaminisha kwamba nimeipata, ladha ya mate ya mwanamke yule, na nilitema uani mpaka Bibi akaniuliza kama nina minyoo.

Siku Mzee Hatibu alipokuja bila kikapu, nilijua kabla hajashuka kwenye baiskeli. Baba alikuwa ameanguka kwenye korona, asubuhi, katikati ya kelele za mashine, na kwa sababu ya kelele zile hakuna aliyemsikia. Moyo. Walimpeleka hospitali Tanga akiwa ameshakwisha. Wagiriki wenzake walimzika siku ya pili yake mjini, kwenye makaburi yao, na hakuna aliyefikiri kutuita. Tungeitwa kama nani?

Pongwe nzima ilisikia, na Pongwe haikujua la kufanya. Marehemu si Mwislamu, hakuoa kwetu, hakuwahi hata kupiga hodi. Ndipo Bibi akatoa mkeka wake mzuri, ule wa wageni, akautandika barazani mbele ya nyumba saa za watu kupita, akajifunika kanga kichwani, akaniketisha ubavuni pake. Kila aliyepita akimwamkia alimjibu, kisha akasema kwa sauti ya kusikika, "Mjukuu wangu amefiwa na babake."

Wengine walisema pole haraka haraka, wakaendelea na safari. Mwalimu wangu alisimama, akavua viatu, akaketi kidogo. Mwanamke mmoja wa Kimakonde kutoka kambini, ambaye hatukujua hata jina lake, alileta bakuli la mihogo, akakaa nasi kutwa nzima, kisha akachukua bakuli lake akaenda. Nafasi nyingine yote ya mkeka ilibaki wazi. Nilisoma nakshi zake, ukili kwa ukili, nikisubiri kilio kinijie, na hakikuja. Nilikuwa nawaza kitu kimoja tu: sasa barua zangu zote anazo yule mwanamke, na hakuna tena wa kumuuliza.

Kumbe alikuja mwenyewe. Lori la shamba lilisimama mbele ya nyumba, akashuka Mzee Hatibu, akamshika mkono Mama Kiria akashuka naye, amevaa nguo nyeusi tangu shingoni hadi kwenye vifundo. Watoto wa jirani walikusanyika. Bibi hakushtuka. Alisema "Karibu," akaondoa kuku kwenye kigoda, akakipangusa.

Mwanamke yule hakuketi. Alinitazama nywele, kisha macho, akasema neno kwa lugha yao, halafu akasema, "Eleni."

Sikumwamkia. Niliingia ndani, nikavuta lile kopo kutoka chini ya kitanda, nikatoka nalo, nikalimwaga lote miguuni pake. "Ziko wapi za ndani?" nilisema. "Za ndani! Umezipeleka wapi barua zangu?"

"Halima!" Bibi alinikaripia.

Mama Kiria aligeuka kwa Mzee Hatibu. Mzee Hatibu akamweleza kwa Kiswahili cha polepole na kwa vidole, akionyesha bahasha, akionyesha ndani, akitikisa kiganja kitupu. Nilimwona anaelewa. Alipiga magoti kwenye vumbi, na nguo ile nyeusi, akaokota bahasha ya kwanza akachungulia ndani. Akaiweka. Akaokota ya pili. Alizichungulia zote, moja baada ya moja, na ya mwisho aliitia vidole ndani akavizungusha kama mtu anayetafuta pete kwenye mfuko wa nguo.

"Hakuna," alisema.

"Hakuna," nilimjibu, sasa kwa hofu.

Alikaa palepale chini. Alianza kusema, na maneno aliyokuwa nayo yalikuwa machache kuliko aliyoyahitaji, basi Mzee Hatibu alimsaidia, na mengine alimalizia mwenyewe baadaye alipokuwa amezoea kuongea nami. Alisema alimwona mumewe akikaa mezani jioni nzima, karatasi mbele yake, kalamu mkononi. Kisha alifunga bahasha, akaandika jina, akaitia kwenye mtoto wa meza, yaani droo. Hakuipeleka. Bahasha ikalala humo. Yeye alimuuliza mpishi Halima ni nani, na mpishi akamwambia kweli.

"Mimi nachukua," alisema, akionyesha namna ya kufungua mtoto wa meza na kuficha kitu kifuani. "Mimi napa Hatibu. Stavro haijui. Mimi nadhani yeye naandika. Mimi nadhani ndani iko maneno."

Nilimtazama Mzee Hatibu. "Kweli, mama," alisema. "Mkono ulionipa ni huu hapa. Bwana hakujua kitu. Aliponiuliza mara moja kama panya wanakula karatasi zake, nilimwambia panya wa mwaka huu wakali."

"Kwa nini ulinipelekea?" nilimuuliza yule mwanamke.

Akaonyesha mkate kwa mikono, umbo la mkate wa duara, akaupasua, akatia kitu ndani, akaufunga. Akaonyesha kimo chake alipokuwa mtoto: kama changu. "Mimi nabeba," alisema. "Kule. Mjomba huku, mjomba huku. Mimi mtoto, hapana mtu naangalia." Halafu akasema kwa nini hakuweza kukaa chumba kile cha albamu. Alikuwa amewajua watu waliobeba. Wengine walikuwa wasichana wa kijiji chake. Hakuweza kuona kazi yao imebanwa chini ya karatasi za kung'aa, imepewa namba.

Kwa hiyo hakuna aliyeiba. Hapakuwa na mvuke, wala mkaguzi. Baba yangu alikaa na kalamu, jioni baada ya jioni, na hakupata neno la kumwandikia mwanawe. Sijui kama ni Kiswahili kilichomshinda au ni mimi. Nimezeeka bila kujua, na nimeacha kuamini kwamba kuna mtu anayejua. Lakini siku ile sikuwaza hivyo. Siku ile niliona haya tu mbele ya Bibi, kwa ajili ya mguu, na mvua, na ndoto ya lori.

Bibi alikuwa anaokota bahasha na kuzirudisha koponi. "Usinitazame hivyo," alisema. "Mie nilijua. Mgiriki yule, tangu lini akauliza mguu wangu?" Akapangusa vumbi kwenye bahasha ya mwisho. "Ila ulisoma vizuri. Ningepata wapi barua nyingine?" Kisha akamwinua Mama Kiria kwa kwapa, kama mtu anavyomwinua mtoto, akamketisha kwenye kigoda, akaingia jikoni kupika.

Mama Kiria hakuondoka mara moja. Palikuwa na mambo ya shamba ya kumalizika. Jumamosi chache zilizobaki nilikwenda kwake, kwa mlango wa mbele. Tulikaa barazani. Alijaribu kunichana nywele, nami nilimfundisha maneno: kijiko, chungu, mvua, nimechoka. Siku nyingine hatukusema chochote, kila mmoja akiwa na ukimya wake, na ukimya wa wawili si mwepesi kuliko wa mmoja, lakini una mtu wa kuutazama. Aliniuliza kama nazitaka albamu. Nilikataa. Akasema atakwenda nazo, atapita vijijini awatafute wenyewe au watoto wao, awarudishie. Sikupata kujua kama alirudisha hata moja.

Siku ya meli Bibi, ambaye kwa watu wale haingii, alivaa kanga ya Idi akanipeleka bandarini asubuhi. Meli ilikuwa imetia nanga mbali, abiria wakingoja mashua ya kuwapeleka. Wagiriki wa mjini walikuwa wamekuja kumuaga, wanaume wa suti na wake zao wenye kofia, basi sisi tukasimama kando, kwenye kivuli cha ghala. Alituona. Akawaacha katikati ya maneno yao, akavuka uwanja ule wote wakimtazama, akaja mpaka mbele ya Bibi, akainamisha kichwa.

"Shikamoo," alisema. Sikuwa nimemfundisha hilo.

"Marahaba, mwanangu," Bibi alimjibu. "Salama huko uendako."

Mimi alinishika uso kwa mikono yote miwili, akaushika muda mrefu. Kisha wakamwita, akaenda.

Sikulia pale. Tulirudi kwa miguu, na tulipofika Ngamiani, mbele ya duka la vitambaa, katikati ya baiskeli na watu na makelele ya sokoni, nikasimama, machozi yakinitoka. Bibi akanivuta kando.

"Unamlilia babako?"

Nikatikisa kichwa.

"Unamlilia yule mwanamke?"

"Sijui, Bibi."

Bibi akaketi kwenye baraza la watu bila kuomba ruhusa, akanipakata, mtoto mkubwa vile, miguu ikiburura chini. "Basi lia," alisema. "Lia umalize papa hapa. Pongwe mbali, na mie siwezi kukubeba wewe pamoja na kilio chako."

Nikalia. Sikumaliza, lakini jua lilikuwa linapanda, tukainuka tukaenda.